Viza ya Kwenda Ulaya: Maandalizi Yaanzie Kijijini

Sisi tunaoishi karibu na mpaka wa Tunduma tumezoea kwenda nje ya nchi bila kuona kwamba tunakwenda nje ya nchi. Mtu wa Ndalambo akifiwa na shangazi yake aliyeolewa Nakonde, huvuka, huzika na kurudi, na Kinyamwanga anachokisikia msibani ni kile kile alichokiacha nyumbani. Mtanzania haombi viza kwenda Zambia, na tangu kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa rasmi Oktoba 5, 2019, taratibu za nchi zote mbili hufanyika mahali pamoja. Kwa sababu ya mazoea hayo, mwaliko wa Ulaya unapofika usharikani wengi hudhani viza ni muhuri tu, unaogongwa ukifika.

Mimi mwenyewe ninayeandika makala hii niliwahi kukosea. Miaka michache iliyopita mama mmoja mzee wa kanisa, mjane na mkulima, alialikwa na usharika rafiki kwa wiki tatu. Mtu mmoja wa mjini alituambia viza ya utalii hupatikana kwa urahisi zaidi, nasi tukajaza kwamba anakwenda kutalii. Kisha tukamfungulia akaunti ya benki na kumwekea fedha zote kwa mkupuo siku tisa kabla ya kuwasilisha maombi. Ubalozi ulimkataa. Fomu ya majibu ilikuwa na alama mahali pawili: lengo la safari halikuthibitishwa, na kulikuwa na mashaka kama angerudi. Mama yule aliniuliza, "Mratibu, kwa hiyo wanadhani nitawakimbia ng'ombe wangu?" Sikuwa na jibu, kwa kuwa katika karatasi tulizopeleka hapakuwa na ng'ombe hata mmoja.

Afisa wa viza hamjui mwombaji wala hajafika Ndalambo. Yeye husoma karatasi akitafuta majibu ya maswali machache: unakwenda kufanya nini, nani atalipa, na kitu gani kitakurudisha. Mfanyakazi wa mjini hujibu swali la mwisho kwa barua ya mwajiri na ruhusa ya likizo. Mkulima naye ana mengi ya kumrudisha, pengine kuliko huyo mfanyakazi, lakini hayajaandikwa. Hapo ndipo kazi yetu ya maandalizi ilipo. Kama kijiji kimetoa hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, iambatanishwe. Aidha ziwekwe stakabadhi za mauzo ya mahindi au ufuta za misimu miwili au mitatu, daftari la SACCOS, barua ya Afisa Mtendaji wa Kijiji inayotaja shamba na mifugo, na vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki. Vilivyoandikwa kwa Kiswahili vitafsiriwe kwa lugha inayotakiwa na ubalozi. Akaunti ya benki iwe inatumika miezi mingi kabla. Akaunti ndogo yenye mzunguko wa kweli huaminika kuliko ile iliyojazwa juzi.

Kuhusu lengo la safari, lisemwe lilivyo. Nchi 29 za Ulaya zinatumia utaratibu mmoja unaoitwa Schengen, kwa jina la kijiji cha Luxembourg ambako mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1985. Viza yake ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 katika kipindi cha siku 180, ni ya watalii na pia ya wanaotembelea marafiki au kwenda kwenye mikutano, na ada ni ile ile. Hivyo hapana faida yoyote ya mwalikwa kujiita mtalii. Ukipita nchi mbili, unaomba kwa ile utakayokaa siku nyingi zaidi. Uingereza haimo katika utaratibu huu, na viza yake huombwa peke yake.

Kwa Ujerumani, ambako sharika zetu nyingi zina marafiki, mwenyeji anayekubali kubeba gharama huenda katika ofisi ya wageni ya mji wake na kusaini tamko rasmi. Barua nzuri ya mchungaji wa huko peke yake si sawa na tamko hilo. Waandikieni mapema, maana hata wao wengi hawalijui.

Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Tangu Juni 11, 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na ukikataliwa hairudi. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Kabla ya yote hayo kuna pasipoti, na kabla ya pasipoti kuna kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa, ambavyo kwa wazee wetu ndivyo huchelewesha mambo kuliko ubalozi. Anayetarajia kusafiri Juni aanze kufuatilia vyeti mwaka mmoja kabla.

Alama za vidole huchukuliwa kwa mwombaji mwenyewe, kwa hiyo asitume mtu. Toka Tunduma hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mpangeni afike siku moja kabla, alale, aoge. Akiulizwa maswali ajibu anachokijua, na asikaririshwe.

Anayekataliwa hupewa sababu kwa maandishi na haki ya kupinga. Ujerumani iliondoa barua za kupinga ubalozini Julai 1, 2025, hivyo kilichobaki ni kwenda mahakamani Berlin au kuomba upya. Kwa wengi wetu kuomba upya ndiko kunakowezekana, mradi kasoro ya kwanza iwe imerekebishwa.

Mama yule hakutaka kuomba tena. Nafasi yake ilichukuliwa na kijana wa kwaya, tukapeleka stakabadhi za ufuta za baba yake, barua ya kijiji na mwaliko ulioeleza ziara siku kwa siku. Alikaa siku 20, akarudi wakati wa kupalilia.