Mgunga na Walinzi Wake

Nimechunga mbuzi Laikipia, na najua wanavyoliacha upesi tawi la mgunga wenye vinundu vyeusi. Ndani ya vinundu hivyo, kwenye mashina ya miiba, huishi sisimizi wakali. Mti huwapa makao na utomvu mtamu; wao humng'ata kila anayekula majani, hata tembo. Vizazi kwa vizazi, mti na mdudu wamechongana.

Mwaka 2008 watafiti walieleza yaliyotokea Mpala, hukohuko Laikipia, baada ya uzio kuwazuia wanyama wakubwa, tembo wakiwemo, kwa miaka 10: migunga ilipunguza vinundu na utomvu, ulinzi ukalegea, mbawakawa watoboao mti wakazidi, migunga ikadumaa na kufa zaidi. Kwa hiyo tumlinde tembo. Mgunga anaoula unamhitaji.