Alama za kuzaliwa: ipi iachwe, ipi ipelekwe kwa daktari

Watoto wengi wa Kiafrika huzaliwa na baka la buluu au kijivu kiunoni au makalioni. Haliumi, halijavimba, na kwa kawaida hufifia kabla mtoto hajaanza shule. Kwa kuwa hufanana na alama ya kipigo, ni vyema muuguzi aliandike kwenye kadi ya kliniki mapema, yaya asije akasingiziwa bure.

Baka hilo hutokana na chembe za rangi zilizokwama katika tabaka la ndani la ngozi wakati mimba ikikua. Halihusiani na chakula alichokula mama wala alichokitamani akakikosa.

Hemanjioma, uvimbe mwekundu wa mishipa ya damu, ina tabia nyingine. Mara nyingi huchomoza wiki chache baada ya kuzaliwa, hukua kwa kasi miezi mitano ya kwanza, kisha hunywea polepole kwa miaka. Nyingi huachwa ziishe zenyewe. Lakini iliyo karibu na jicho, puani, mdomoni au kidevuni, au iliyochubuka, haifai kungojewa: inaweza kuzuia kuona, kula au kupumua. Zikifika tano au zaidi, daktari huchunguza na ini.

Tiba ya hemanjioma iligunduliwa kwa bahati. Huko Bordeaux, Ufaransa, mtoto mwenye hemanjioma puani alipata tatizo la moyo kutokana na dawa za steroidi. Madaktari wakampa propranolo, dawa ya moyo. Kesho yake uvimbe ulikuwa umeanza kulainika na kubadilika rangi. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 2008, na leo propranolo ndiyo dawa ya kwanza kwa hemanjioma zenye hatari. Mzazi asijinunulie dukani, kwani inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto.

Baka bapa la zambarau, kama lile la kichwani mwa Mikhail Gorbachev, aliyekuwa kiongozi wa Muungano wa Sovieti, halifutiki lenyewe. Likitokea kwenye paji la uso au kope, mtoto apimwe macho, na wazazi wawe macho na degedege.

Yapo pia madoa ya kahawia. Moja au mawili si neno. Sita au zaidi yenye upana unaozidi milimita 5 kabla ya balehe huenda yakaashiria ugonjwa wa kurithi wa neva. Shungi la nywele au kishimo kirefu katikati ya kiuno huweza kuficha kasoro ya uti wa mgongo, na doa jeusi linalotanuka, kubadilika umbo au kutoa damu lahitaji daktari wa ngozi. Picha za simu zinazopigwa kila mwezi, rula ikiwa kando ya alama, zitamsaidia daktari huyo kuliko maelezo marefu.