Vidole vya Kijana Mkwea Miamba na Mkono wa Mwenzake

Kila kijana anapovutiwa na kukwea miamba huuliza swali lilelile, nalo ni jinsi ya kuvitia vidole nguvu kabla ya kwenda mwambani. Swali hilo huvuta jibu lililo baya kuliko lenyewe, kwamba aning'inie kwa ncha za vidole kwenye fremu ya mlango kila asubuhi, ajifunge kiunoni mfuko wa mchanga maumivu yakishazoeleka, na asitafute mwenzi wa kukwea naye mpaka awe “amekomaa”. Ushauri huu umekwisha kujibiwa mara nyingi mno, na inasikitisha kwamba bado unatolewa, kwa kuwa sehemu yake ya kwanza huvunja mifupa.

Kila kidole isipokuwa gumba kina pingili tatu, na kwa mtu ambaye hajamaliza kukua kila pingili ina bamba la ukuaji, yaani utepe wa gegedu ulio karibu na shina la mfupa, ambamo mfupa mpya hutengenezwa hadi utepe wenyewe ugeuke mfupa mgumu katika miaka ya mwisho ya kukua, wasichana wakiwatangulia wavulana. Gegedu hilo ni dhaifu kuliko kano, ambazo ni nyuzi imara zinazounganisha misuli na mifupa, na kwa sababu hiyo mzigo ambao kwa mtu mzima ungeumiza kano, kwa kijana wa miaka 14 huvunja bamba. Mshiko wenye madhara zaidi ni ule ambamo kiungo cha kati kimekunjwa kwa nguvu, ncha ya kidole imepinda kuelekea nyuma, na kidole gumba kimelala juu ya kidole cha shahada kama komeo, kwa kuwa hapo ndipo shinikizo lote linapoangukia upande wa juu wa shina la pingili ya kati. Kuvunjika huku hakuna kishindo. Kunaanza na uvimbe mdogo mgongoni mwa kiungo cha kati, mara nyingi cha kidole cha kati, pamoja na maumivu yanayokuja wakati wa kukwea na kutulia baada ya kupumzika, na kijana aliyeaminishwa kwamba maumivu ndiyo kukomaa kwenyewe huzidisha mazoezi mpaka kidole kikabaki kimepinda au kikakataa kukunjika. Kukikanda kwa maji moto ya chumvi au kukichua kwa mafuta hakuungi bamba lililovunjika, na kuchua huchelewesha tu safari ya kwenda kupigwa picha ya eksirei. Tiba ni kuacha kukwea kwa wiki kadhaa, pengine miezi, chini ya uangalizi wa daktari, na wanaokiona kipindi hicho kuwa kirefu wakumbuke kwamba kidole kilichoharibika utotoni hutumika hadi uzeeni.

Hapa Tabora, kumpimia mtoto mzigo kwa umri wake si jambo geni, kwa kuwa Unyamwezi wa zama za misafara haukuwapakia watoto mzigo wa mtu mzima. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, mwaka 1857, aliandika kwamba watoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba walibeba pembe ndogo za ndovu, wakati ambapo mpagazi kamili katika njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji alichukua mzigo wa kilo 30 hivi; na mpagazi huyo hakusafiri peke yake, kwa maana alikuwa na kirongozi wa kumtangulia na wenzake wa kupika na kulala nao kambini. Hakuna sababu ya kutaka watoto wa leo wabebeshwe pembe, lakini mzigo unaoongezeka kadiri mwili unavyokua ni kanuni ambayo fremu ya mlango inaivunja.

Isitoshe, nguvu hizo zinazotafutwa kwa pupa hazihitajiki sana katika miamba iliyo karibu nasi. Vilima vya Tabora, na majabali yanayozidi kuwa makubwa kadiri reli inavyokaribia Mwanza, ni vya granaiti iliyochakaa kwa kumenyeka tabaka kwa tabaka kama kitunguu, ikaacha migongo ya mviringo ambayo mkweaji hupanda kwa miguu, kisigino kikiwa chini, uzito ukiwa juu ya nyayo na viganja vikigusa tu. Tabaka likigongwa kwa kiganja na kutoa mlio wa ngoma, limeachana na mwamba na lisishikwe. Misuli huimarika ndani ya wiki chache, kano huchukua miezi, hivyo kinachomfaa anayeanza ni kukwea njia rahisi siku mbili au tatu kwa wiki zenye mapumziko katikati, pamoja na kujivuta kwenye bomba kwa kiganja kizima kama anapenda.

Mwenzi basi atafutwe kabla ya siku ya kwanza, kwa kuwa mshika kamba, yaani anayebaki chini akiizuia kamba isikimbie, ndiye anayeamua kama kuteleza kutaishia kwenye mchubuko au kaburini. Mkono wake wa breki hauachi kamba hata kwa kufuta jasho, na kabla ya kila mpando wawili hao hukaguana fundo la nane, mkanda wa kiunoni na pete ya chuma inayounganisha kamba na mkanda, kama imefungwa.

Tabora ni mji wa shule, kwa hiyo rika la kuanza nalo lipo, na skauti wanaojua mafundo ni mahali pazuri pa kuuliza. Mkufunzi mzoefu ni lazima, na anayeweza kufika Nairobi atawapata wakweaji wa Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa mwaka 1949, ambao hukwea kilima cha Lukenya, nje ya mji huo. Kamba ya katani na kamba za kufungia mizigo zisitumike, kwa sababu hazivutiki kama kamba ya kukwelea na hivyo mshtuko wote wa kuanguka huishia kiunoni. Kamba ipitishwe kwenye nanga, yaani kishikizo imara kilicho juu ya njia, ncha yake ya chini ipigwe fundo. Ruhusa iombwe serikali ya kijiji na wazee, maana baadhi ya vilima ni mahali pa matambiko. Na katika nchi hii ya asali, ufa wowote wanamoingia na kutoka nyuki uachwe, hata kama ndio njia rahisi kuliko zote.