Walikuwa wanamuua, leo wanamuchunga

Kama ulikomea kando ya Lualaba, Lufira ao ziwa Upemba, hakuna mutu wa kukufundisha mamba ni nini. Mama anateka maji, jicho moja juu ya ndoo, jicho lingine juu ya majani ya ngambo. Mutoto anakatazwa kuoga pa mahali fulani. Na siku wanaume wanaua mamba, muji muzima unafurahi. Basi ukisikia ya kama kuko watu wenye kuchunga mamba, tena ni wakulima na wavuvi, si watu wa parki, labda utauliza: hao wana akili kweli?

Ngoja kwanza. Twende pamoja mbali kidogo, katika Ufilipino, inchi ya visiwa vingi upande wa Azia.

Mamba wawili, jina moja

Kule kuko mamba wa aina mbili. Wa kwanza ni mamba wa maji ya chumvi, mukubwa na mukali. Katika mwaka 2011, watu wa Bunawan, kwenye kisiwa cha Mindanao, walikamata mumoja mwenye urefu wa metre 6,17. Walimwita Lolong, naye alikufa katika mwaka 2013. Wa pili ni mamba wa Ufilipino mwenyewe, wa maji matamu. Yeye ni mudogo, kupita metre 3 ni shida. Anakula samaki, panya, na hata konokono wenye kuharibu mupunga. Hapatikani katika inchi nyingine yoyote ya dunia.

Lakini watu hawakuwatenganisha. Mamba ni mamba! Waliua wote, juu ya ngozi, juu ya nyama, ao juu ya woga tu. Kisha misitu ikakatwa, na mabwawa yakageuka mashamba. Tena wavuvi wengine wakaanza kuvua na dinamiti, ao kutia umeme wa batri ndani ya maji. Ninyi wenye kukaa karibu na mine munajua dinamiti vizuri: haichague. Inaua mukubwa na mudogo, samaki na mamba. Katika mwaka 1982, mutafiti Charles Ross alikadiria ya kama mamba hao wadogo walibaki 500 hata 1000 tu katika inchi nzima.

Neno la muvuvi mumoja

Katika mwaka 1999, muvuvi wa San Mariano, kaskazini ya kisiwa cha Luzon, alikamata mutoto wa mamba pasipo kukusudia. Wengi walizani katika upande ule mamba wamekwisha zamani. Watafiti wakasema: kama kuko mutoto, basi kuko mama. Watu wa iniversite ya Isabela na wale wa iniversite ya Leiden, Uholanzi, wakaanza kutafuta, muto kwa muto, chini ya milima ya Sierra Madre.

Katika mwaka 2003 wakaunda shirika lenye kuitwa Mabuwaya. Jina hilo limetoka katika maneno mawili ya kule: mabuhay, ni kusema «aishi», na buwaya, ni kusema «mamba». Ujue tena ya kama kule, kumwita mukubwa wa serkali buwaya ni kumutukana: ni kusema anakula makuta ya watu. Unaona kazi ya kulisafisha jina la nyama huyu!

Kazi yenyewe inaendeshwa namna gani? Usiku watafiti wanafuata muto na torshi. Macho ya mamba yanangaa mekundu, na hivi wanawahesabu. Wakimukamata mumoja, wanamupima na kukata kidogo magamba ya mukia, ili siku nyingine wamutambue. Wanatafuta pia viota. Mama mamba anakusanya majani na udongo, anataga mayai ndani, halafu anakaa karibu kuyachunga. Lakini watoto wakitoka ni wadogo sana: ndege wanawakula, na maji ya zoruba yanawabeba. Kwa hiyo watu wanawachukua wengine, wanawakomesha katika nyumba yao pale San Mariano kwa zaidi ya mwaka moja, na kisha wanawarudisha ndani ya maji wakiwa na nguvu.

Nani anakaa na mamba kila siku?

Hapa ndipo penye fundisho. Mutafiti anakuja, anahesabu, anarudi kwake. Mukulima ndiye mwenye kukaa kando ya muto asubuhi na jioni. Kama yeye anataka kumuua mamba, nani atamuona? Sheria ya muji mukuu haina miguu ya kufika pale.

Basi walikusanya watu, wakawasikiliza. Wazee wa kabila la Kalinga na la Agta hawakushangaa. Zamani Wakalinga walikuwa wanawapa mamba zawadi ya muchele. Wazee walisema: usimuchokoze, usiguse kiota chake, naye hatakuchokoza. Amani hiyo haikutoka Uholanzi. Ilikuwa pale pale, watu tu walikuwa wameanza kuisahau.

Katika mwaka 2000 baraza la San Mariano lilikataza kuua mamba. Katika mwaka 2001 likatenga sehemu ya muto Disulap kuwa mahali pa kumuchunga. Wanavijiji wenyewe wakachaguliwa kuwa walinzi. Wanawafuata wale wenye kuvua na dinamiti na umeme. Na faida ni ya nani? Dinamiti ikikoma, mutoto wa mamba anapona, na mutoto wa samaki anapona vilevile. Watoto wa masomo nao wanapelekwa mutoni, wanaambiwa: nyama huyu ni wenu, hakuna inchi nyingine iliye naye.

Usizani ilikuwa rahisi. Sheria ya Ufilipino inaomba kuacha metre 20 kando ya muto katika mashamba. Kwa tajiri, metre 20 si kitu. Kwa mutu mwenye kashamba kamoja, ni chakula cha watoto wake. Mara mbwa ao nguruwe anakamatwa, na mwenyewe anakasirika. Hata leo mamba huyu angali kati ya wanyama wenye hatari kubwa kabisa ya kumalizika duniani. Lakini pale San Mariano angali anataga mayai, na hiyo ni kazi ya wanavijiji.

Na sisi je?

Hatukutumi uoge na mamba! Mamba wa Lualaba ni wa aina nyingine, anaua watu, na mama yuko na haki ya kuogopa. Kando ya muto wa namna hii, kazi ya kwanza ni kuzungushia miti pale watu wanapoteka maji, na kumukataza mutoto kuoga jioni.

Lakini katika Tanganyika na muto Kongo kuko mamba mwingine, mwenye pua ndefu na nyembamba, mwenye kula samaki zaidi. Katika mwaka 2018 watafiti walionyesha ya kama huyu wa Afrika ya kati ni aina yake mwenyewe, si moja na yule wa Afrika ya mangaribi. Mutu mwenye kuwaua wote kwa jina moja la «mamba» anafanya kosa lile la Ufilipino.

Kama uko na muzee nyumbani aliyevua samaki katika ujana wake, muulize leo jioni: baba, yule wa pua nyembamba, ulimuona mara ya mwisho wapi? Mwaka gani? Andika jibu lake katika kaye ya mutoto. Pale San Mariano vilevile, kazi yote ilianza na muvuvi mumoja, na watu waliokubali kumusikiliza.