Lapi Yako Bado Iko Windows 10? Hii Ndio Rada Kabla Utoe Doh

Kama ulinunua lapi ya mtumba pale tao, labda bado iko Windows 10. Inawaka, inacheza muvi, CV inafunguka. Sasa shida iko wapi?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft waliacha kutoa apdeti za kawaida za mfumo huo, miaka kumi baada ya kuuzindua. Lapi haitazima kesho. Lakini shimo jipya la usalama likipatikana, wadukuzi watalijua na hakuna fundi anakuja kuliziba. Na humo ndani ndio uko na pasiwadi zako zote.

Utasema, "Si niweke tu Windows 11?" Poa, lakini hiyo inadai chipu ya TPM 2.0, na kwa Intel, karibu kila mara prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Cheki jina la prosesa yako. Ikiwa i5-6300U, hiyo 6 ni kizazi cha sita. Gari limekuacha, buda.

Zimebaki njia mbili kabla ukope doh ya lapi mpya.

Ya kwanza, kuongezewa muda. Microsoft waliweka mpango wa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, ama bure ukiunganisha lapi na akaunti yao. Huo ni mwaka mmoja tu.

Ya pili ni Linux, na wengi huanza na Ubuntu. Hapa angalia herufi LTS, yaani toleo la kutunzwa muda mrefu. Ubuntu 24.04 LTS ilitoka Aprili 2024 na inapata apdeti hadi 2029, bila kulipa hata bob. Ukijisajili Ubuntu Pro, ambayo ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine tano, unafika 2034. Usidownload toleo lisilo LTS bila kujua: hilo hutunzwa miezi tisa pekee.

Tusidanganyane, kuna vitu utakosa. Photoshop na Premiere hazina toleo la Linux, na Valorant pia sahau. LibreOffice inafungua faili za Word, lakini mpangilio unaweza kuhama kidogo. Kama kazi yako ni kuedit video za wasee kwa Premiere, usihame kwa mihemko.

Jaribu kwanza. Weka Ubuntu kwa flashi, washia lapi hapo, uone kama Wi-Fi na sauti ziko sawa bila kugusa Windows. Ukiamua kuhama, hifadhi faili zako kando kwanza.

Na siku ingine ukienda kununua lapi, usiulize RAM na bei pekee. Uliza: hii itapata apdeti hadi lini? Muuzaji akianza kukuzungusha, songa duka la pili.