Udongo Mkavu Darasani: Bakteria Waishivyo Wakati wa Kiangazi

Mwanachuo afanyaye mazoezi ya kufundisha Tunduma au Vwawa mwezi wa Septemba huweza kumsikia mwanafunzi akisema kwamba udongo wa kiangazi umekufa. Asikubali upesi. Kama ungekuwa umekufa kweli, maharage yapandwayo Mbozi mvua zinyeshapo yasingepata vinundu mizizini.

Bakteria wengine, kama wale wa jamii ya Bacillus, mazingira yawapo magumu hujenga ndani ya chembe yao spora, yaani umbo dogo lenye maganda magumu na maji machache sana. Spora haili wala haikui. Hungoja, pengine miaka mingi, na huweza kustahimili hata maji yachemkayo. Lakini bakteria wa vinundu, waitwao Rhizobium, hawana spora. Wao husalimika katika vitundu vidogo vya udongo, hasa wa mfinyanzi, ambamo utando mwembamba wa maji hubakia. Tena hukusanya sukari iitwayo trehalosi, ambayo hushika nafasi ya maji na kuzuia chembe isiharibike. Hata hivyo wengi hufa. Wachache wasaliao huzaliana upesi karibu na mizizi michanga.

Ndiyo sababu bakteria waandaliwao kwa wakulima, kama wale wa Nitrosua iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, hawafai kuachwa juani.

Kwa jaribio, tuchukue udongo wa shamba la maharage. Sehemu moja tuihifadhi kivulini katika mfuko wa kitambaa; ya pili tuianike juu ya bati kwa wiki mbili; ya tatu tuichemshe kwa maji nusu saa. Tupande maharage katika makopo matatu, na baada ya wiki sita tuing'oe miche polepole, tuoshe mizizi na kuhesabu vinundu. Kinundu kifanyacho kazi, kikikatwa, huwa chekundu ndani.

Safari ya kwanza sisi wenyewe tuliaibika: kopo la udongo uliochemshwa lilitoa vinundu vingi. Tulikuwa tumetumia kijiko kimoja kwa makopo yote, tena tukiyaanza na lile la kivulini! Wanafunzi ndio waliogundua kosa, na mjadala wao ulipita saa ya kipindi. Siku hizi kila kopo lina kijiko chake, na lililochemshwa humwagiliwa kwanza, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa.