Je, Wajua? Kiota Kimoja, Gorila Mmoja

• Gorila wa Grauer, mkubwa kuliko gorila wote, anaishi porini mashariki mwa Kongo tu. Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970, ni ngome yake kuu, na misitu yake ya bondeni inaingia hadi eneo la Shabunda.

• Wanaomhesabu mara nyingi hawamwoni. Kila jioni gorila hukunja matawi na majani akajitengenezea kitanda kipya. Ni mtoto mchanga tu anayelala na mama yake. Kwa hiyo watafiti huhesabu viota na kuandika tarehe na mahali vilipo kwa GPS. Kinyesi kilichoachwa kiotani hupimwa upana: kikubwa ni cha dume aliyekomaa, kidogo ni cha mtoto.

• Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba gorila hawa wamebaki 3,800 tu, kutoka karibu 16,900 katika miaka ya 1990, kabla ya vita kuenea misituni. Mwaka 2021 makadirio mapya, yaliyotumia takwimu nyingi zaidi, yalitoa 6,800. Takwimu zilizokusanywa na kuunganishwa ndizo zilizosahihisha picha.



• Wafuatiliaji wenyeji, wanaosoma msitu kwa jani lililovunjika, ndio msingi wa kazi hii. Wanastahili kulindwa, kulipwa vizuri, na kuletewa matokeo ya takwimu walizozikusanya.